Uzushi saba unaokuzuia kuijua kamera yako

Watu wengi wenye jicho zuri la picha wananunua kamera, wanaiweka kwenye Auto, na hapo ndipo inapobaki hadi betri inakufa. Ukiwauliza sababu, kila mmoja ana jambo aliloambiwa na mtu. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na yote yanaweza kuondoka kichwani kwa jioni moja ya mazoezi.

1. "Picha nzuri inataka kamera ya bei mbaya." Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga uani kwa mwanga wa jua, pazia la nyuma likiwa shuka lake la kitandani, na kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Leo picha hizo zinaoneshwa kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Ukipata fedha kidogo, usikimbilie kubadili kamera. Tafuta lenzi ya 50 mm yenye f/1.8, hata iliyotumika.

2. "Megapikseli nyingi ndiyo ubora." Kuchapisha picha nzuri ya ukubwa wa A4 kunahitaji megapikseli 9 hivi. Simu uliyonayo imeshapita hapo.

3. "Jua liwe mgongoni kwa mpiga picha." Tuliambiwa hivi sote tukiwa watoto, na ndiyo maana albamu za familia zimejaa watu waliokunja uso na kufumba macho. Mtoe mtu juani. Msimamishe barazani, au kwenye kivuli kizito cha mwembe, uso wake ukielekea upande ulio wazi. Mwanga unaoingia hapo ni laini, hauchongi vivuli chini ya macho, na yeye mwenyewe anatulia. Jua la saa sita mchana, linaposhuka utosini, liache lipite. Kuanzia saa kumi na moja jioni unaweza hata kumpa jua mgongo na nywele zake zikang'aa pembeni.

4. "Kamera inajua yenyewe mwanga uliotosha." Hapa ndipo ningependa kila mpiga picha wa Afrika akae kidogo. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinaangalia nini. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kitatoa rangi ya kijivu cha kati. Sasa mweke bwana harusi mweusi, kanzu nyeupe, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera inaona weupe kila mahali, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu inatoka ya kijivu na uso unazama gizani.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Sogeza hadi +1, ambayo ni mwanga mara mbili, kisha kuza picha kwenye skrini: uso uonekane vizuri, na mikunjo ya kanzu isipotee. Ikipotea, rudi +0.7. Kwenye simu, gusa uso wake halafu telezesha kidole juu. Kinyume chake, mtu mwenye suti nyeusi ndani ya ukumbi wenye giza atatoka na uso uliopauka. Huyo mpe −1.

Tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi Kodak ilisambaza kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikabaki nje ya hesabu. Mpiga picha anayemwambia mtu kwamba hatoki vizuri kwa sababu ya weusi wake anamkosea. Arekebishe mwanga.

5. "Mtaalamu hutumia M tu." Kwenye M unapanga kila kitu mwenyewe, lakini wataalamu wengi hutumia A, au Av kwa Canon: wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inatafuta kasi ya shata. Namba ndogo, kama f/1.8, ni tundu kubwa. Mwanga unaingia mwingi na mandhari ya nyuma yanafifia. Kwa picha ya ukoo mzima uliopangwa safu tatu, nenda f/8 ili wa nyuma nao waonekane. Kama kinachokusumbua ni mwendo, tumia S, au Tv kwa Canon, ambapo wewe unachagua kasi ya shata. Mzee aliyekaa kitini, 1/125 inamtosha. Watoto wanaofukuzana na mpira wanataka 1/500 au zaidi.

M ijaribu siku ya jua kali lisilo na mawingu. Weka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, f/16, na shata karibu na 1/100. Piga. Wapiga picha wa filamu walifanya kazi hivi bila kipimo chochote, na ukishaona inavyokubali, namba hizi hazitakutisha tena.

6. "ISO ikipanda picha imeharibika." Itakuwa na chenga kidogo, basi. Picha yenye chenga inasafishika na inachapishika. Iliyocheza kwa sababu shata ilikuwa ya polepole haina tiba. Ukumbini usiku, panda hadi 3200 bila wasiwasi.

7. "Flashi ni ya usiku." Itumie mchana, kwa nguvu ndogo, kumulika uso uliofunikwa na kivuli cha kofia. Usiku, flashi ndogo ya kamera hufika mita chache tu. Ukiwa umekaa nyuma na mwimbaji yuko jukwaani, inamulika visogo vya waliokaa mbele yako. Izime, fungua tundu hadi mwisho, pandisha ISO, na usubiri taa za jukwaa zimwangukie usoni.