Homa ya wiki ya tatu

Wadogo zangu, sanduku la Dada mwezi huu limejaa homa. "Dada, nililala na mtu Jumamosi usiku bila kinga, leo Jumanne asubuhi koo linawasha, nimekanyaga miwaya?" "Dada, mwezi umeisha sijaumwa hata mafua, basi niko salama?" Mwingine kanitumia picha ya mgongo wake, kaipiga kwa taa ya simu, anauliza kama vile vipele ndivyo vyenyewe. Nimeikuza mpaka mwisho. Kwa macho yangu ni harara ya joto, lakini macho yangu si kipimo, na hata daktari bingwa hawezi kuisoma VVU mgongoni mwa mtu.

Nianze na wa Jumanne. Koo la siku ya tatu si la VVU. Virusi vikiingia huchukua siku kadhaa vikizaliana kabla ya kutapakaa kwenye damu, na dalili za mwanzo, kwa yule anayezipata, kwa kawaida huja kati ya wiki ya pili na ya nne. Kikianza kukusumbua kitu siku mbili tatu baada ya tendo, mkojo unachoma au usaha unatoka, fikiria kisonono na wenzake. Hicho nacho ni cha kupeleka zahanati, si cha kununulia vidonge viwili duka la dawa.

Ila siku ya tatu ina uzito mwingine kabisa. Kuna dawa za kinga ya dharura, PEP, zinazozuia virusi visijishike mwilini kama ukizianza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Unazimeza siku 28 bila kuruka. Sasa hesabu mwenyewe: Jumamosi usiku hadi Jumanne usiku. Mdogo wangu aliponiandikia muda ulikuwa bado upo, na yeye akautumia kuniuliza habari za koo! Nilimjibu palepale aende hospitali yenye kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, CTC, na akikuta imefungwa aingie dharura aseme wazi kilichotokea. Hapa narudia kwa ajili yenu wengine. Kondomu ikipasuka, au ukifanyiwa ukatili, usikae kusubiri mwili ukuambie kitu. Mwili utakaposema, kama utasema, saa 72 zitakuwa zimepita zamani.

Nimesema "kama utasema" kwa makusudi, maana huyu wa mwezi mzima bila mafua ananitia wasiwasi kuliko yule mwenye koo. Kuna utafiti uliochapishwa 2016 uliofanyika Mbeya, Kericho, Kampala na Thailand. Watu walichukuliwa damu kidogo ya kidole mara mbili kwa wiki, hivyo waliopata maambukizi walionekana karibu tangu siku za kwanza kabisa, wala hawakuhitaji kukumbuka baadaye waliumwa lini. Dalili zilizoonekana zilikuwa chache, za kawaida, na nyingi zilikuja kabla kidogo ya virusi kufika kileleni. Kwa hiyo kutokuumwa si cheti. Yupo anayeumwa homa kali, koo, vidonda mdomoni, vipele kifuani, mitoki shingoni na jasho la usiku mpaka shuka linalowa. Yupo pia anayepita kipindi chote hicho anacheza mpira.

Na anayeumwa naye anaumwa nini? Orodha hiyohiyo ya homa, kichwa, viungo na uchovu mpeleke nayo mtu yeyote kwenye zahanati ya mtaani uone: atatoka na malaria, taifodi au UTI, wakati mwingine zote tatu pamoja. Halafu kuna hofu yenyewe. Hofu inakunyima usingizi, inakutoa jasho, inakuendesha tumbo, na asubuhi unayahesabu hayo yote kuwa dalili.

Lakini msinielewe vibaya mkaidharau homa. Pwani ya Kenya watafiti waliwapima vijana wazima waliokwenda kutafuta tiba ya homa, na matokeo waliyochapisha 2014 yalionyesha kwamba maambukizi mapya kabisa ya VVU yalipatikana kwa kiwango kinachokaribiana na cha malaria. Wengi hawakuwa na hata kimoja. Hata hivyo inatosha kukuonyesha kwamba homa inayokuja wiki mbili hadi nne baada ya tendo la hatari inastahili sentensi moja ya ziada mbele ya mtoa huduma: "Nilifanya ngono bila kinga tarehe fulani." Ni sentensi ngumu, najua, hasa kama nesi ni jirani yenu. Basi panda daladala, nenda kituo cha mbali wasikokujua.

Kwa nini tarehe? Kwa sababu kila kipimo kina siku zake. Kile cha tone la damu ya kidole, chenye kijiti cha mistari, hutafuta askari wa mwili na si virusi vyenyewe, na askari hao huchelewa. Kwa kawaida huweza kuonyesha maambukizi kuanzia siku ya 23 hadi ya 90. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipa kinachotafuta askari pamoja na sehemu ya kirusi huwahi zaidi, siku 18 hadi 45. Cha vinasaba vya kirusi huwahi kuliko vyote, siku 10 hadi 33, ila si kila hospitali inacho wala hakitolewi kwa kila anayeuliza. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa anawaka homa ya VVU wiki ya tatu na kijiti kikatoa mstari mmoja. Pima sasa, ujue ulipoanzia, kisha rudia miezi mitatu ikitimia. Uliyemeza PEP, kalenda yako atakupangia mtoa huduma, usitumie hii yangu.

Katikati hapo, kondomu, hata kwa mume au mke. Wiki hizo za mwanzo ndipo virusi hujaa sana kwenye damu na kuambukiza huwa rahisi zaidi. Kama unanyonyesha, hili lisikupite: mama akipata maambukizi wakati ananyonyesha, hatari ya mtoto inapanda sana. Waambie kliniki leo, wakuelekeze juu ya maziwa.

Kwa aliyegundua kwamba mwenzake anameza dawa za kufubaza virusi, akakimbia nyumba: rudi mkae muulizane kuhusu kipimo chake cha wingi wa virusi. Anayemeza dawa vizuri, na virusi vyake vikafubaa hadi havionekani kwenye kipimo, hakuambukizi kwa ngono.

Wa mwisho ni dada wa Tabata aliyenunua kile kipimo cha kujipima cha mdomo na anataka kukitumia usiku watoto wakilala. Sawa, kama hauko kwenye PEP wala dawa nyingine za VVU, na miezi mitatu imefika. Usile wala kunywa chochote dakika 15 kabla, na mswaki uwe umepita nusu saa. Pitisha kijiti mara moja fizi ya juu, mara moja ya chini, kisha kwenye kichupa. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, bado si jibu la mwisho: kesho nenda kituoni wakurudie kwa vipimo vingine. Soma kuanzia dakika ya 20, usipitishe ya 40. Mstari utakaouona asubuhi ukija kukisafisha kile kichupa mezani hausomwi, na usinitumie picha yake.