Mdiria na Nyumba Yake ya Mchanga

Wasomaji wetu wa Mwanza, na wa mwambao wote wa Ziwa Viktoria, wamfahamu ndege mdogo mwenye manyoya meusi na meupe na mdomo mrefu mweusi. Husimama hewani juu ya maji akipigapiga mabawa, macho yameelekea chini. Kisha hujitupa ziwani ghafula na kutoka na dagaa. Huyo ni mdiria. Watoto wetu humwona kila siku, lakini kumwona si kumjua. Twapenda leo kueleza habari zake, kwa sababu mara nyingi sisi wenyewe twaibomoa nyumba yake pasipo kukusudia.

Mdiria hasuki kiota mtini kama afanyavyo kwera. Huchimba tundu katika ukingo wa mchanga uliosimama wima, lenye kina cha mita 1 au zaidi, na mwishoni hupanua chumba cha mayai. Kingo za namna hiyo zapatikana kando ya mito, na pia katika machimbo ya mchanga na changarawe yaliyoachwa. Sisi tukipita hapo twasema kwamba hapana kitu. Lakini mvua zikilijaza shimo, matete huota, vyura huzaliana, na yangeyange huja kutafuta chakula chake.

Mwaka 1980 mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya ndege huyu katika nchi ya Kenya, kwenye Ziwa Naivasha na kwenye Ziwa Viktoria. Aliona kwamba madume wasio na wenzi huwasaidia wazazi kulisha makinda. Baadhi yao ni watoto wakubwa wa wazazi hao. Wengine ni wageni kabisa. Huko Naivasha wazazi waliwafukuza wageni, maana waliweza kazi wenyewe. Lakini katika ziwa letu mawimbi ni mengi, samaki ni wadogo, na safari ya kuwatafuta ni ndefu. Kwa hiyo wazazi waliwakubali wageni baada ya mayai kuanguliwa. Pasipo msaada huo makinda wengi wangekufa kwa njaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao ndege walijua.

Basi, nini kitupasacho kufanya? Kwanza, wazazi wawapeleke watoto asubuhi au jioni, wakae kimya mbali kidogo na ukingo, wahesabu matundu na kutazama yapi yanaingiwa na ndege mwenye samaki mdomoni. Wawaulize mababu na mabibi jina la kila ndege kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, na kuyaandika katika daftari, maana majina hayo yapotea pamoja na wazee. Manati ibaki nyumbani.

Pili, mtoto asiende peke yake kamwe. Maji ya mashimo hayo ni machafu, kina chake hakionekani, na ukingo waweza kuporomoka chini ya miguu yake. Asitie mkono tunduni, wala asisimame juu ya ukingo.

Tatu, twawasihi wenye kuchimba mchanga. Twajua kwamba wanatafuta riziki, wala hatuwaambii waache kazi. Twawaomba tu watazame kabla ya kupiga sururu. Wakiona matundu yenye ndege, wachimbe upande mwingine. Mayai huatamiwa kwa siku 18 hivi, na makinda hukaa tunduni karibu wiki 4. Subira ya wiki 6 au 7 yatosha. Bila subira hiyo, makinda huzikwa wangali hai, na wazazi wao hubaki wakizunguka na samaki wasio na wa kumlisha.

Nanyi mnaotaka kufukia mashimo ya zamani kwa takataka, nendeni kwanza mkayatazame asubuhi moja. Huenda mkakuta yana wenyewe.