DARASA LA RAMADHANI – SIKU YA 13
Ghala la Nabii Yusuf na bajeti yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Juzuu yetu ya leo, ya 13, inatuingiza katikati ya Surat Yusuf. Wengi tunaipenda sura hii kwa kisa cha kisima na ndugu zake. Leo tukae kwenye aya ya 55, pale Yusuf (A.S.) anapomwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi. Anataja sifa zake mbili tu: ni mtunzaji, na ni mjuzi. Hakutaja ukoo wake wala uzuri wake. Kwa lugha ya leo, aliomba kazi ya hazina na bajeti.

Na bajeti yake tunaijua. Miaka 7 ya mavuno: mle kidogo, kingine kiachwe kwenye masuke yake kisiharibike. Miaka 7 ya ukame: ghala lifunguliwe. Watu wakapimiwa kipimo kamili, hata wageni waliotoka Kanaani.

Kwetu Tanzania Bunge la bajeti huanza Aprili, hotuba ya bajeti husomwa Juni, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Halmashauri zetu hupanga za kwao kabla ya hapo. Sasa muumini aitazame vipi bajeti? Sizungumzii chama hapa. Nazungumzia maswali matatu ambayo dini yetu imetufundisha kuuliza.

*Swali la kwanza: nani anatoa, na anatoa kwa uwezo gani?*

Angalieni zaka ilivyopangwa. Kwanza kuna nisabu: asiyefikia kiwango hatoi, bali anaweza kuwa wa kupewa. Pili, kwenye mazao inaangaliwa gharama. Shamba linalonyweshwa na mvua au chemchemi, zaka yake ni sehemu moja ya kumi. Linalonyweshwa kwa gharama, sehemu moja ya ishirini. Yaani mwenye mahindi ya mvua huko mlimani na anayenunua mafuta ya pampu huku tambarare hawapimwi sawa, hata wakivuna magunia sawa. Huo ndio uadilifu: jasho la mtu linahesabiwa.

Kodi si zaka, na kulipa kodi hakukuondolei zaka. Lakini kipimo cha haki tunaweza kukichukua hapo.

Kodi ya mshahara ina kitu kinachofanana na nisabu: mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi, na kadiri unavyopanda ndivyo asilimia inavyopanda. Hilo ni jema. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Nalo ni jema. Lakini chukua VAT ya asilimia 18. Bidhaa ya 1,180 dukani, 180 ni kodi. Anayeuza mchicha sokoni na mwenye maghorofa wanatoa 180 ileile kwenye sabuni ileile. Kwa mmoja haionekani, kwa mwingine ni kibaba cha unga.

Na mnakumbuka tozo ya miamala ya simu, ilianza Julai 2021. Muamala mmoja uliweza kukatwa hadi 10,000. Serikali ilisema fedha hiyo ni ya vituo vya afya na madarasa, na hivyo ni vitu tunavyovihitaji kweli. Lakini tozo haikumuuliza anayetuma kama hela ile ni ya faida au ni ya dawa za bibi kijijini. Watu walilalamika, na Septemba mwaka ule ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000. Funzo hapo ni mawili. Lengo zuri halitoshi kuhalalisha kila njia ya kukusanya. Na wananchi wakisema kwa adabu na kwa hoja, bajeti hubadilika.

*Swali la pili: nani anapokea?*

Surat At-Tawba aya ya 60 imewataja wa kupewa zaka, makundi manane, na walioanza kutajwa ni mafukara na masikini. Surat Al-Hashr aya ya 7 imetoa sababu: mali isiwe inazunguka kwa matajiri peke yao.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta mzee wa Kiyahudi anaomba barabarani. Alipouliza, akaambiwa: ni uzee, na shida, na kodi ninayodaiwa. Umar akamchukua nyumbani akampa, kisha akamwagiza mtunza Baitulmali amwangalie yeye na walio mfano wake, na kodi akamwondolea. Kisa hiki kimeandikwa na Kadhi Abu Yusuf katika kitabu chake cha kodi, alichomwandikia Khalifa Harun Rashid. Tazameni: Umar hakuishia kwenye sadaka ya mfukoni. Alibadilisha utaratibu, na kwa mtu ambaye si Mwislamu.

Kwetu tumekuwa na Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, uliofikia zaidi ya kaya milioni moja nchini. Mama anapata ruzuku, watoto wanakwenda shule na kliniki. Tunayo elimu bila ada, tangu 2016 hadi kidato cha nne na 2022 ikafika kidato cha sita. Tunayo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Tunayo sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023.

Lakini fedha za kunusuru kaya kwa sehemu kubwa zimetoka kwa wafadhili na mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia. Mfadhili anaweza kubadilisha mawazo asubuhi moja. Yusuf aliweka nafaka ya Misri kwenye ghala la Misri. Kwa hiyo hizi huduma zinahitaji fungu letu wenyewe, na bajeti ikibana zisiwe za kwanza kukatwa. Mgonjwa hana pa kuahirisha ugonjwa.

*Swali la tatu: nani anatunza?*

Mtunzaji na mjuzi. Mwaminifu asiyejua hesabu atapoteza mali. Mjuzi asiye mwaminifu ataiba kwa ustadi. Na hapa kidole kinatugeukia sisi. Mfanyabiashara anayesema "bila risiti nakupunguzia", na mteja anayekubali, wote wawili wametoboa ghala. Mwenye uwezo anayejiandikisha masikini ili apate ruzuku amekula cha yatima. Hatuwezi kudai haki juu na huku chini tunaitoboa.

*Kazi ya leo:*
1. Ukinunua kitu leo, dai risiti.
2. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Uliza mapato na matumizi. Uliza ile asilimia 10 imewafikia akina nani. Uliza kwa adabu, lakini uliza.
3. Unamjua jirani mwenye shida aliyesahaulika kwenye orodha? Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Na usisubiri Serikali, futari ya leo mpelekee wewe.

Ewe Mola wetu, wape wanaoshika hazina zetu utunzaji na ujuzi wa Yusuf. Wape masikini wetu haki yao bila kudhalilika. Tukinge na mali ya haramu, na uikubali swaumu yetu. Amin.

Kesho inshaallah tutaangalia Yusuf alivyowasamehe ndugu zake. Mtumie na mwenzako.

Wassalaam alaykum.