Somo la 8: Ndugu Yako Anapokuwa Maskini

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 15:1–11; Law. 25:8–28, Kumb. 17:14–20, Isa. 5:8; Yer. 34:8–17, Neh. 5:1–13, Mdo 4:32–5:4, 6:1–7.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 15:11.

Katika sura moja Musa anasema mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Katika Kumbukumbu la Torati 15:4 anasema kwamba kwa Israeli hapatakuwa na maskini. Mafungu saba mbele anasema maskini hawatakoma katika nchi.

Watu wengi hushika fungu la 11 na kuliacha la 4. Husema binadamu ndivyo alivyo, vidole havilingani, uchumi uwe wa namna yoyote, wachache watapata na wengi watakosa. Wengine hushika fungu la 4 peke yake, wakiamini kwamba mfumo ukibadilishwa, uchoyo nao utakwisha. Musa aliyaweka yote mawili pamoja. Juma hili linachunguza kwa nini.

JUMAPILI: Hesabu ya Mkopeshaji

Soma Kumbukumbu la Torati 15:1–11. Ni wazo gani la moyoni linalokemewa katika fungu la 9?

Kila mwaka wa saba, madeni kati ya Waisraeli yalipaswa kuachiliwa. Sheria hiyo hiyo iliona mapema jinsi ambavyo mtu angeikwepa. Mwenye fedha angehesabu miezi, aone mwaka wa saba umekaribia, kisha amnyime ndugu yake mkopo. Hapo hakuna aliyeiba. Mtu amepiga hesabu tu, lakini Mungu anaiita hesabu hiyo dhambi.

Karne nyingi baadaye hali ilifikia hapo hapo. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inaeleza kwamba watu walikuwa wameacha kukopeshana kwa kuogopa mwaka wa kuachilia. Rabi Hillel, aliyeishi karibu na wakati wa kuzaliwa kwa Yesu, akaweka utaratibu ulioitwa prozbuli: mkopeshaji alikabidhi madai yake kwa mahakama, na deni halikufutwa. Nia ilikuwa kumsaidia maskini apate mkopo. Hata hivyo, sheria iliyotolewa ili kumfungua mdaiwa ilibidi izungukwe ili asife njaa. Yeremia 17:9 inaeleza chanzo: moyo.

Tafakari: Ni hesabu gani halali machoni pa watu inayoweza kuwa dhambi mbele za Mungu?

JUMATATU: Sheria Iliyojua Dhambi

Soma Walawi 25:8–28. Kwa nini ardhi haikupaswa kuuzwa moja kwa moja?

Mungu hakuanza kwa kudhani kwamba Waisraeli wangebaki sawa. Walawi 25 inataja mtu anayekuwa maskini hatua kwa hatua: anauza sehemu ya ardhi, kisha anahitaji kusaidiwa, mwishowe anajiuza mwenyewe (mafungu ya 25, 35, 39). Sababu haielezwi. Huenda ni ugonjwa, ukame, uvivu au kudhulumiwa. Sheria haisubiri uchunguzi huo umalizike.

Mtu aliweza kufanya kazi, kununua na kupata faida. Lakini kilichouzwa hasa kilikuwa idadi ya mavuno hadi yubile (mafungu ya 15, 16). Mwaka wa 50 kila familia ilirudi kwenye urithi wake. Kwa hiyo mtoto hakuzaliwa akiwa amebeba kushindwa kwa baba yake maisha yake yote.

Hapa ndipo mafungu mawili ya Musa yanapokutana. Kwa sababu ya dhambi, pengo hurudi katika kila kizazi. Kwa hiyo ni lazima lizibwe katika kila kizazi. Kurudi kwa pengo ndiyo sababu ya yubile, si kisingizio cha kuiacha.

JUMANNE: Mfumo na Wenye Mamlaka

Soma Kumbukumbu la Torati 17:14–20 na Isaya 5:8. Mfalme aliwekewa mipaka gani, na kwa nini?

Mfalme alikatazwa kujiongezea farasi, wake, fedha na dhahabu, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Sulemani alivunja karibu yote hayo (1 Fal. 10:14–11:3).

Historia ya karibu inaonyesha jambo lile lile. Katika maandishi yake ya mwaka 1962, Julius Nyerere alieleza kwamba ujamaa ni hali ya moyo. Kwamba hata asiye na kitu anaweza kuwa na moyo wa kunyonya. Februari 5, 1967, TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Humo mlikuwa na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Waliowekewa miiko hiyo walikuwa viongozi wenyewe wa ujamaa, kwa kuwa hatari ilionekana ndani ya nyumba. Mwaka 1991, huko Zanzibar, CCM iliilegeza. Kule Yugoslavia, Milovan Djilas, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa Wakomunisti, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1957 jinsi chama kilichoahidi kufuta matabaka kilivyozaa tabaka jipya la watawala.

Soko huria nalo halina kinga. Isaya aliwalaani waliounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata wengine wakakosa mahali. Njia ni tofauti, moyo ni ule ule.

JUMATANO: Pengo Halina Kipimo Kimoja

Soma Nehemia 5:1–13. Nehemia alichukua hatua gani, naye mwenyewe alihusika vipi?

Kama asili ya dhambi peke yake ingepanga ukubwa wa pengo, nchi zote zingefanana. Hazifanani. Katika kipimo cha Gini, ambapo 0 ni usawa kamili na 100 ni mmoja kumiliki vyote, Benki ya Dunia imeiweka Afrika Kusini karibu na 63, na Slovenia karibu na 24. Watu wa Slovenia si watakatifu kuliko wa Afrika Kusini. Sheria za ubaguzi ziliwanyima Waafrika walio wengi haki ya kumiliki sehemu kubwa ya ardhi ya nchi yao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ni mfano mmoja. Dhambi ya moyo iliandikwa ikawa sheria.

Nehemia hakusema kwamba riba ni tabia ya wanadamu. Alikasirika, akafikiri, akawakemea wakuu hadharani, akakubali kwamba yeye na watumishi wake nao walikuwa wakikopesha (fungu la 10), kisha akataka mashamba yarudishwe siku ile ile na viapo vichukuliwe mbele ya makuhani.

Kwa nini viapo? Yeremia 34:8–17 inajibu. Wakuu wa Yerusalemu waliwaachilia watumwa wao, kisha wakabadili nia na kuwarudisha utumwani.

ALHAMISI: Wajane wa Kanisa la Kwanza

Soma Matendo 4:32–5:4 na 6:1–7. Ni upungufu gani uliotokea katika kanisa lililojaa Roho?

Waumini walishirikiana mali kwa hiari. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba na fedha vilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyekuwa na uhitaji miongoni mwao, kama Kumbukumbu la Torati 15:4 ilivyokuwa imesema. Lakini muda si mrefu wajane wa Kiyunani wakasahauliwa katika huduma ya kila siku. Hata hapo pengo lilirudi, likifuata mstari wa lugha.

Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie. Waliagiza kanisa lichague watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Moyo mpya haukuondoa haja ya utaratibu wa haki, ndio uliouleta.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Katika Wazee na Manabii, soma sura inayohusu jinsi Mungu anavyowajali maskini. Ellen G. White anaeleza humo kwamba mwaka wa sabato na yubile vilikusudiwa kurekebisha kwa sehemu kubwa yaliyoharibika katikati. Usawa kamili unangojea kuja kwa Kristo. Mkono uliofunguliwa unaagizwa leo.

Maswali ya Kujadili:

1. Yesu alisema maskini wako pamoja nasi siku zote (Mk 14:7). Soma fungu lote. Linaondoa wajibu au linauweka?

2. Mshiriki anawakopesha ndugu wa kanisa wenye shida kwa riba kubwa kila mwezi, na fungu la kumi analitoa kwa uaminifu. Darasa lingemwambia nini? Lingewasaidiaje wanaomkopa?

3. Msichana wa kazi za nyumbani hulipwa baada ya mahitaji mengine yote ya familia. Yakobo 5:4 inaiambia nini familia hiyo?

4. Ni kundi gani katika kanisa lenu linaloweza kuwa wajane wa Kiyunani wa leo? Nani atachaguliwa kulishughulikia, na kuanzia lini?