Chanjo ya mama haikugusa vinasaba vya mtoto

*Shikamoo Dokta. Mwaka 2022 nilichanjwa Uviko, ile ya Pfizer. Sasa nina mimba ya miezi mitano. Wifi yangu anasema chanjo ile ni RNA, imeingia kwenye vinasaba vyangu na mtoto atazaliwa na kasoro. Silali. Kliniki nimeacha kwenda, naogopa sindano ya pepopunda. Mume wangu sijamwambia. – Mama mtarajiwa, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili upate usingizi: chanjo ile haikubadilisha vinasaba vyako, wala vya mtoto.

Wifi yako amepatia jambo moja, kwamba chanjo ya Pfizer ni RNA. Lakini RNA si mgeni mwilini. Seli zako zinaitengeneza sasa hivi, na za mtoto vilevile. Vinasaba, yaani DNA, hukaa ndani ya kiini cha seli. Seli ikihitaji protini hunakili kipande kinachohusika, na nakala hiyo, RNA mjumbe, hutoka nje ya kiini. Huko inasomwa na ribosomu, ambayo kwa sehemu kubwa nayo ni RNA ya aina nyingine. Aina ya tatu huleta asidi amino moja moja kwa kufuata mpangilio wa nakala. Kinachoziunga zikawa protini ni RNA ya ribosomu yenyewe, jambo ambalo bado hunistaajabisha. Zipo na RNA fupi mno zinazozuia baadhi ya nakala zisisomwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipata Nobel ya 2024 kwa kuzigundua.

Nakala ikishasomwa, seli huikatakata. Ni kama kikaratasi unachompa mtoto ukimtuma dukani: sukari ikishafika, hakina kazi tena. Chanjo ilileta nakala ya protini moja ya kirusi cha korona. Ikasomwa nje ya kiini, kinga ya mwili ikajifunza adui, nakala ikavunjwa ndani ya siku au wiki. Mimba yako ilipotunga haikuwepo tena.

Hata hivyo, hofu hii ina mahali ilipotokea. VVU ni kirusi cha RNA, na kweli hujipachika kwenye DNA ya mtu. Lakini huja na vimeng'enya vyake: kimoja hugeuza RNA kuwa DNA, kingine huichomeka. Chanjo haikubeba hata kimoja. Madhara yake ya kweli yanajulikana: homa, maumivu ya mkono, na kwa nadra uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, siku chache baada ya sindano. Wewe umeshapita huko.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kliniki uliyoiacha. Chanjo ya pepopunda haina RNA kabisa. Ni sumu ya bakteria iliyoondolewa makali, na kinga utakayoipata itavuka hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni, imlinde siku za mwanzo ambapo kidonda cha kitovu hakijapona. Unakosa pia kupimwa shinikizo la damu na wingi wa damu, na dawa za kukinga malaria. Mwambie mume wako leo, akusindikize wiki hii. Muulize mkunga kila swali linalokukosesha usingizi, na wifi yako akitaka kuja, aje naye asikie.