Ramani ya Kupapasa na Bangili ya Mtetemo

Pongwe iko magharibi ya mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Segera na reli iendayo Moshi. Shule ya msingi ya hapo imekuwa ikiwapokea pia watoto wasioona. Mtoto wa namna hiyo anapotembea peke yake hukabiliwa na maswali mawili: yuko wapi, na aelekee wapi? Somo hili laeleza jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyoweza kubuni chombo cha kumsaidia.

1. Ramani

Ramani hii huchorwa kwa mkono, kisha mistari yake hufuatishwa kwa uzi wa katani uliogandishwa juu ya kadibodi. Vituo huonyeshwa kwa mbegu. Kituo sharti kiwe kitu kisichohama, kinachotambulikana kwa mguu au fimbo: ukingo wa sakafu, mfereji, au mahali changarawe inapokoma. Kivuli cha mwembe hakifai, kwani huhama na jua. Ncha ya kidole hutenganisha nukta zilizoachana kwa milimita 2 hivi. Kwa hiyo nyuzi za ramani ziachane walau milimita 5.

2. Kifaa

Kifaa kina dira ya elektroni na bangili mbili. Ndani ya kila bangili mna mota ndogo, kama ile ya simu ya mkononi, yenye uzito uliofungwa upande mmoja wa mhimili. Mota izungukapo, uzito huo huivuta huku na huku, na bangili hutetema. Ngozi huhisi vyema zaidi mitetemo 200 hadi 300 kwa sekunde. Mtetemo usiokoma huzoeleka upesi. Kwa hiyo hutumiwa mipigo mifupi. Mpigo wa kushoto humwelekeza mtu kushoto, na wa kulia, kulia. Akigusa kituo kwa fimbo, hubonyeza kitufe, na kifaa huanza kumwonyesha mwelekeo wa kituo kifuatacho. Sauti haitumiki, kwa sababu masikio yana kazi ya kusikiliza pikipiki na garimoshi.

3. Umbali wa vituo

Tuseme mtu amepotoka kwa digrii 10. Sini ya digrii 10 ni 0.174. Baada ya mita 50 atakuwa nje ya njia kwa 50 × 0.174, yaani mita 8.7, huenda yumo barabarani. Baada ya mita 10 atakuwa amepotoka mita 1.7 tu, na kwa hatua chache fimbo yake itakipata kituo. Kila kituo hufuta kosa lililotangulia. Vipokezi vya setilaiti vya kawaida haviondoi haja hiyo, kwani hukosea kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi. Tena, chuma cha reli na mabati huipotosha dira; karibu navyo vituo viongezwe.

Chombo hiki hakichukui nafasi ya fimbo nyeupe. Kijaribiwe kwanza uwanjani, mbali na magari, na mwamuzi wa ubora wake awe mtu asiyeona, wala si mbunifu aliyefumba macho kwa dakika chache.

Zoezi

(a) Chora njia ya kutoka lango la shule hadi darasani, uonyeshe vituo vitano visivyohama.
(b) Mtu amepotoka digrii 15 kwa mita 20. Yuko umbali gani kutoka njiani? (Sini ya digrii 15 ni 0.259.)