Jua Haki Zako: Shule Ikidai Pesa ya Mlinzi na Mshauri

SWALI: Mwanangu yuko darasa la nne, shule ya serikali hapa Nyamirambo. Muhula huu kila mzazi anadaiwa faranga 5,000 za mlinzi wa getini na mshauri wa watoto. Asiyelipa, mtoto wake anarudishwa nyumbani. Je, ni halali?

JIBU: Hapana, mama. Ibara ya 20 ya Katiba ya Rwanda inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za umma. Mchango wa mzazi uliopangwa na Wizara ya Elimu Septemba 2022 kwa chekechea na msingi ni faranga 975 kwa muhula, nazo ni za chakula cha mtoto. Mlinzi na mshauri hawamo.

Usalama wa mtoto ni wajibu wa shule, na shule hupewa ruzuku ya serikali kwa hesabu ya wanafunzi wake. Wazazi wakikubaliana kuchanga kwa hiari, ni sawa. Lakini cha hiari hakimfukuzishi mtoto.

Fanya hivi:

1. Katika mkutano mkuu wa wazazi, uliza: ruzuku imeingia kiasi gani, imetumikaje, na nani ameidhinisha mchango huu?

2. Ukinyimwa jibu, andika barua. Sheria Na. 04/2013 inakupa haki ya kupata taarifa za taasisi za umma. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze.

3. Wakikaa kimya, nenda kwa ofisa elimu wa sekta, kisha Wilaya ya Nyarugenge. Hapo wilayani ipo ofisi ya MAJ, inayotoa ushauri wa sheria bila malipo.

Mtoto mwenye huzuni au hofu asingoje mshauri aajiriwe. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta kijana mmoja kati ya kumi wa miaka 14 hadi 18 ana tatizo la afya ya akili. Anzia kituo cha afya ukiwa na kadi ya mituweli, yaani bima ya afya ya jamii. Ikibidi, watakupa rufaa. Akiwa amepigwa au amenajisiwa, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, au mpeleke Isange, kituo cha kuwasaidia waliofanyiwa ukatili, ambako huduma ni bure.

Usitoe pesa bila risiti. Na kesho asubuhi, mpeleke mtoto shule.